Mtambo wa Richmond, mwili wa Springfield: kisa cha bunduki aliyoachiwa Mzee wa Tanga

Mzee alinipigia simu usiku wa Jumapili. Ni mtu wa Tanga, ameishi Virginia zaidi ya miaka ishirini, na miaka tisa ya mwisho kabla ya kustaafu alikuwa akimhudumia babu mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu: kumwogesha, kumlisha, kumsomea gazeti macho yalipokwisha. Mwalimu alipofariki, wosia wake ulimtaja Mzee kwa kitu kimoja tu, bunduki iliyokuwa imetundikwa juu ya meko ya sebuleni. "Mwanangu," akaniambia, "nimeachiwa gobori. Watu wawili wamekuja kulitazama na kila mmoja ana lake. Njoo unisomee."

Alivyosema "unisomee" alipatia, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nimekulia Tabora kwenye nyumba ya babu aliyekuwa na gobori la kuwindia, na hapa Marekani nimejifunza bunduki za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, hasa zilizotengenezwa na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Kina funzo la ufundi ambalo wakusanyaji wa lugha yetu hawalipati kirahisi, na pia kuna jambo ndani yake ambalo limenikera kiasi kwamba siwezi kulinyamazia.

Nilimkuta amekaa, bunduki iko mezani juu ya kanga ya mkewe. Baada ya shikamoo na chai akanipa kadi iliyopigwa taipu, ya njano kwa uzee: babu mzaa babu wa mwalimu alikuwa askari wa Kusini na ndiye aliyerudi nayo kutoka vitani. Kisha ofa. Mnunuzi wa kwanza ameahidi dola 6,500 na anataka kuichukua wiki hiyohiyo. Wa pili kasema ni mabaki yaliyoungwaungwa, dola 700 zinatosha. Wote wawili walikuwa wametazama kitu kilekile: bamba la chuma ubavuni, lile tuliitalo mtambo, lenye mhuri wa C.S., kifupi cha Confederate States, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga, na chini yake RICHMOND, VA., na nyuma ya nyundo mwaka 1863.

Kabla sijagusa mtambo niliomba fimbo nyembamba ya mbao. Kwa gobori lolote, hili ndilo la mwanzo. Mdeki wa chuma siutumii kwa kazi hii, kwa sababu chuma kikigonga chuma penye baruti ni hatari. Niliitumbukiza fimbo taratibu mpaka ikakwama, nikaweka alama kwenye mdomo wa mtutu, nikaitoa na kuilaza nje sambamba na mtutu. Ilitakiwa ifike karibu na kichuchu kinachovishwa fataki. Ilipungua vidole vitatu.

"Mzee," nikasema, "hii imeshindiliwa."

Alinyamaza muda. Bunduki ile ilikuwa imening'inia juu ya moto wa sebuleni kwa miaka mingi, watoto na wajukuu wa mwalimu wakicheza chini yake. Baruti nyeusi haizeeki kama chakula. Ikikaa pakavu, miaka 160 si kitu kwake. Wala si ajabu kuikuta humo. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, maelfu ya bunduki zilizookotwa uwanjani zilikuwa bado zina risasi, na nyingine zilikuwa zimeshindiliwa mara mbili, mara tatu na zaidi, kwa askari waliochanganyikiwa na moshi na kelele wasijue kama zimelia. Tuliipeleka kwa fundi bunduki mwenye leseni, naye akaijaza maji na mafuta, akaiacha siku kadhaa, ndipo akaing'oa risasi kwa chombo chake. Anayesoma hapa na ana gobori la babu yake chini ya kitanda asijaribu mwenyewe.

Risasi yenyewe nitairudia. Wakati ikisubiriwa, nilifungua mtambo.

Ili kuelewa mtambo wa Richmond inabidi kurudi Harpers Ferry, Virginia, usiku wa tarehe 18 Aprili 1861. Hapo palikuwa na kiwanda cha bunduki cha serikali kuu. Virginia ilikuwa imeshapiga kura ya kujitenga, na wanajeshi wachache waliokuwa wakikilinda wakachoma ghala na kuondoka. Bunduki kama 15,000 ziliungua, lakini mashine nyingi ziliokolewa. Kusini kulikuwa na mashamba ya pamba na watumwa wa kuyalima, viwanda vilikuwa vichache mno, kwa hiyo mashine zile zilikuwa mali kuliko dhahabu. Zikagawanywa: za kutengeneza bunduki ndefu za askari wa miguu zikaenda Richmond, Virginia, mji mkuu wa Kusini wakati wa vita, za bunduki fupi zikaenda Fayetteville, North Carolina. Aliyesimamia kuzifunga Richmond ni James H. Burton, fundi aliyewahi kufanya kazi Harpers Ferry kwenyewe na baadaye akawa mhandisi mkuu wa kiwanda cha Enfield, Uingereza. Zilifungwa kwenye majengo ya zamani ya kiwanda cha silaha cha jimbo, kando ya mto James, jirani na karakana kubwa ya chuma ya Tredegar, ambako watumwa walifanya kazi pamoja na mafundi wa kulipwa.

Mashine hizo zilikuwa zimeundwa kwa bunduki ya mwaka 1855, yenye ufundi wa daktari wa meno aitwaye Edward Maynard. Badala ya askari kuvisha fataki moja moja kwa vidole, mkanda wa karatasi wenye vidonge vya fataki ulijisogeza wenyewe kila nyundo ilipovutwa. Aliyewahi kununuliwa bastola ya fataki za mkanda siku ya Idi ameshaushika ufundi wa Maynard. Mkanda ule ulihitaji chumba chake ndani ya mtambo, na kwa sababu hiyo bamba lilikuwa na nundu mbele ya nyundo. Mkanda huo uliharibika kwa unyevu, na kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, kikaachana nao kwenye bunduki ya 1861. Bamba lake likawa sawa juu, halina nundu. Richmond nao hawakuutaka mkanda, ila vyombo vyao vya kufulia bamba vilikuwa vya umbo la zamani. Wakatoa mabamba yenye nundu bila kuchonga chumba cha mkanda ndani yake. Mwanzoni nundu ilikuwa ndefu, na mwaka 1862 wakaipunguza.

Basi nikitazama bamba lolote lenye maandishi ya Richmond huwa naichunguza nundu yake. Kama ndani kuna chumba kimechongwa kwa ajili ya mkanda, ni bamba la serikali la 1855 lililopigwa mhuri wa uongo. La Mzee halikuwa na chumba, na nundu ilikuwa fupi kama inavyotakiwa kwa 1863. Niliangalia herufi kwa lenzi. Mhuri wa kweli ulipigwa chuma kikiwa kipya, halafu kutu ikaja baadaye, kwa hiyo vishimo vya kutu huingia ndani ya herufi na kula kingo zake. Mhuri wa tapeli hupigwa juu ya kutu: herufi hukata vishimo katikati na kuacha kingo zilizoinuka. Herufi za Mzee zilikuwa zimeliwa vizuri. Mtambo ule ni wa kweli, sina shaka nao hata leo.

Hapo ndipo mnunuzi wa kwanza alipoishia, akatoa ofa yake ya dola 6,500. Na mimi nilikuwa nimeanza kufurahi.

Shida ilianza kwenye kitako. Bamba la kisigino lilikuwa la chuma na lina herufi US. Bunduki za Richmond za 1863 kwa kawaida zina kisigino cha shaba ya njano, yaani brasi, na ncha ya mbao mbele nayo ya brasi. Ya Mzee ilikuwa chuma mbele na nyuma. Mtutu ulikuwa wa inchi 40, na karibu na kichuchu kuna V, P na kichwa cha tai, alama za ukaguzi wa serikali kuu, pamoja na mwaka 1862.

Lakini hii peke yake haimhukumu mtu, na ndipo wengi wanapokosea kwa upande wa pili, kama yule wa dola 700. Richmond waliishi kwa kuokota. Baada ya kila pambano walilolishinda, watu wao walikusanya bunduki za Kaskazini zilizovunjika, wakazifungua, wakatumia mitutu na vyuma vyake kuunda bunduki zao. Hata hazina ya sehemu zilizochukuliwa Harpers Ferry ilikuwa na alama zilezile za V, P na tai. Bunduki ya Richmond iliyo na mtutu wa adui inaweza kuwa safi kabisa. Anayekataa kila kilichochanganyika atatupa vitu vya kweli vingi kuliko vya uongo. Cha kuuliza ni lini vimechanganyika: je, vipande hivi vilizeeka pamoja?

Jibu lilikuwa kwenye eneo la ukubwa wa sarafu, pale kichuchu, mtambo na mbao vinapokutana. Fataki za wakati ule ziliacha chumvi inayokula chuma na moto unaounguza mti. Kila bunduki iliyopiga sana ina kidonda mahali hapo. Mtutu wa Mzee ulikuwa nacho: vishimo virefu, vyeusi. Mbao nyuma ya kichuchu ilikuwa imeungua na kuliwa kama ukingo wa sufuria ya kuni. Na bamba la mtambo, ambalo limelala katikati ya hivyo viwili, lilikuwa laini mahali palepale. Kutu yake ilikuwa upande mwingine, mkiani. Haiwezekani majirani wawili waungue na wa katikati abaki mzima. Mtambo haukuwepo bunduki hii ilipokuwa ikilia.

Mengine yalikuja kuthibitisha tu. Mbao ilikuwa imechongwa kwa patasi ili nundu iingie, na chini ya rangi iliyopakwa mti ulikuwa mweupe. Skrubu moja ilikaa mshazari. Na nyuma ya bamba, ili lisicheze, mtu alikuwa amechomeka kipande cha aluminiamu laini iliyokatwa kwenye kopo la kinywaji, rangi ya kiwandani bado ipo. Aliyefanya hivyo aliishi karne ya 20. Miaka ya 1961 hadi 1965, wakati wa maadhimisho ya miaka mia ya vita ile, watu wengi waliingia kwenye ukusanyaji na bei za vitu vya Kusini zikapanda. Sababu iko wazi: bunduki za Kusini ni chache. Jeshi lao lilibeba zaidi silaha za kununua nje, hasa Enfield za Uingereza zilizotafutwa na wakala wao Caleb Huse na kupenyezwa kwa meli zilizokwepa vizuizi vya baharini. Kiwanda cha Fayetteville kilibomolewa na jeshi la Sherman, jenerali wa Kaskazini, Machi 1865. Majengo ya Richmond yaliteketea mwezi uliofuata, mji ulipokuwa ukiachwa. Kitu kikiwa chache namna hiyo na kina mhuri wa herufi chache tu, kuna wa kuutafuta huo mhuri na kuufunga kwenye chochote.

Niliposema hayo Mzee aliniuliza swali la haki: "Kwa hiyo mwalimu wangu alikuwa muongo?" Nikamwambia hapana, na sikusema kwa kumfariji. Alipata bunduki ikiwa hivyo, au aliyemtangulia aliipata hivyo. Kadi ya taipu nayo ina tatizo lake. Jeshi la Lee, jenerali wa Kusini, liliposalimu amri Appomattox, Virginia, Aprili 1865, askari wa miguu walipanga bunduki zao barabarani na kuziacha. Maofisa ndio walioruhusiwa bastola na panga zao. Waliorudi nyumbani na bunduki wapo, waliotoroka au walioondoka mapema, ila hadithi ya "alirudi nayo" inahitaji zaidi ya kadi.

Hapo ndipo fundi alipopiga simu. Risasi imetoka.

Ilikuwa risasi ya koni, ya inchi .58, na chini ina pete mbili badala ya mifereji mitatu iliyozoeleka Kaskazini. Katikati ya pete, kwenye mkunjo, kulikuwa na utepe mwembamba wa karatasi ya kahawia. Ni risasi ya Gardner. Frederick J. Gardner wa North Carolina alipewa hataza yake na serikali ya Kusini Agosti 1861: badala ya kufunga karatasi ya baruti kwa uzi, risasi yenyewe ilibanwa ikaikamata karatasi kati ya pete zake. Zilitengenezwa kwa wingi Richmond.

Risasi moja si ushahidi wa kutosha, najua. Za Gardner zinachimbwa mashambani hapa Virginia mpaka leo na kuuzwa kwa bei ya vitafunio. Lakini za kuchimbwa ni nyeupe kwa chokaa ya udongo na hazina karatasi, karatasi huoza. Hii ilikuwa ya kijivu, haijawahi kulala ardhini, na nyuma yake kulikuwa na baruti iliyogandamana na mabaki ya karatasi yaleyale. Ilishindiliwa na mtu aliyekuwa na katriji nzima mkononi, yaani risasi na baruti yake ndani ya karatasi moja.

Fikiria maana yake. Springfield ya Kaskazini, mtutu wa 1862, imebeba katriji ya Kusini. Askari wa Kusini waliokota Springfield kwa maelfu na kuzipenda. Zilikula risasi zao bila taabu kwa kuwa kipimo ni kilekile. Uwezekano mkubwa ni kwamba bunduki hii ilikuwa tayari ya askari wa Kusini, ya kuteka, kabla ya mtu yeyote wa karne ya 20 kuigusa. Yule aliyechomeka mtambo wa Richmond ili aifanye ya Kusini alichukua bunduki ambayo ilikuwa ya Kusini kwa njia yake yenyewe, akaitupa sehemu iliyoweza kutuambia. Mtambo wa asili wa Springfield ungekuwa na kidonda kile, ungekaa sawa na mbao, na labda ungekuwa na herufi zilizokwaruzwa na mwenye nayo kama wengi walivyofanya. Umekwenda. Hakuna fundi wa kuurudisha. Hili ndilo linalonikera: hakuishia kuongeza uongo, alifuta ukweli kwa mkono wake, na kwa ujira wa mtambo mmoja.

Mkewe Mzee, aliyekuwa akisikiliza muda wote, akauliza vita hii ilituhusu nini sisi. Ilituhusu kidogo hata pwani. Kabla ya 1861 kitambaa cha pamba cha Marekani kilitawala Unguja mpaka jina merikani likabaki kwetu. Vita vilipozuia pamba, Waingereza na Wahindi wakaingia na nguo zao. Lakini Mzee alikuwa na jibu lake. Aliiweka risasi kiganjani, akaigeuza mara mbili.

"Hii ilikuwa ikimngoja nani?" akasema. "Ilikuwa ikimngoja mtu wa rangi yangu."

Sikuwa na la kupinga. Makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alisema waziwazi Savannah mwezi Machi 1861 kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni kuwa mtu mweusi hayuko sawa na mweupe na kwamba utumwa ndio hali yake. Watu weusi wapatao 180,000 walivaa sare za Kaskazini kulijibu. Wengine walifia karibu na hapa tulipokuwa tumekaa: Petersburg, kwenye shimo la mlipuko la Julai 1864, ambako waliosalimu amri waliuawa, na New Market Heights, nje ya Richmond, tarehe 29 Septemba mwaka huohuo, ambako askari weusi 14 walistahili Nishani ya Heshima. Wakusanyaji wengi hupenda kuongea juu ya skrubu na mihuri bila kutaja hilo. Mimi sioni namna ya kusoma bunduki ya Richmond nikaruka mstari wa kwanza.

Nikamweleza pia kuhusu mikono iliyozikunja katriji zile. Wasichana, wengi wao watoto wa maskini, walifanya kazi hiyo kwenye kisiwa cha Brown katikati ya mto James, kwa sababu vidole vyao ni vyembamba. Tarehe 13 Machi 1863 chumba kililipuka, wakafa zaidi ya 40. Mzee akasema "innalillahi" na kuirudisha risasi mezani.

Ushauri wangu ulikuwa hivi. Kwa sheria ya serikali kuu ya 1968, silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa ya kale, kwa hiyo kuiuza ndani ya Virginia si tabu; kuifunga kwenye kontena la kwenda Tanga asithubutu, kwa kuwa kwetu gobori ni silaha na linataka kibali. Mtambo asiung'oe auze peke yake, ingawa pesa ingekuwepo: tayari bunduki hii imeshatenganishwa mara moja. Nilimwandikia ukurasa mmoja: mtutu na mbao vya Springfield, 1862, mtambo wa kweli wa Richmond, 1863, uliofungwa karne ya 20, risasi ya Gardner iliyotolewa ndani yake, pamoja na picha za eneo la kichuchu na za kipande cha aluminiamu. Nikamwomba asiiuze kwa yeyote atakayekataa kuuchukua ukurasa huo.

Mtu wa dola 6,500 aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akaurudisha, hakukaa hata chai. Miezi mitatu baadaye mkusanyaji mwingine alitoa dola 2,100 na akaweka sahihi chini ya ukurasa kuonyesha ameupokea. Mzee alipeleka nusu Tanga kujengea ukuta wa nyumba ya dada yake.

Risasi hakuiuza. Septemba 29 nimemuahidi kumpeleka New Market Heights, ambako kuna kibao cha kumbukumbu kando ya barabara. Amesema atakuja nayo mfukoni.